Daftari la Eilif

Daktari Borghild, leo wanakuaga.
Nimeliandika hilo, ukurasa wa kushoto:
*Ijumaa, saa nane, ghorofa ya chini, keki.*
Nisingeandika, ningekuwa nyumbani sasa
nikijiuliza suti hii nimeivalia nini.

Nilikuwa na miaka tisa, na uvimbe mkubwa kama goroli.
Haya aliniambia mama; nayatumia kwa mkopo.
Ilikuwa Desemba, Tromsø, jua limezama tangu mwezi uliopita
na halina haraka ya kurudi.
Ulikuwa kijana, koti jeupe limekuzidi mabega.
Ulinifinyangia plasta usoni, ukaacha tundu la pua,
ukasema: hesabu.
Nikahesabu. Mashine ikavuma.
Nilifika mia na kumi na saba.
Hiyo naikumbuka mwenyewe, sikuazimwa na mtu.

Dawa ya moto ni moto.
Uvimbe ukaungua, mama akakubusu mikono,
na hapo ndipo hadithi nyingi hukomea.

Miaka miwili baadaye mwalimu wangu alikuandikia:
*Mtoto huyu anajua saba mara nane asubuhi,
mchana haijui. Anasoma ukurasa;
akifika chini, juu pameshafutika.*
Ukaja shuleni kwa basi,
ukakalia kiti cha watoto, magoti kidevuni,
ukanipa maneno matano:
kijiko, theluji, shangazi, kufuli, njano.
Tukazungumza habari za mbwa. Kisha ukaniuliza.
Nikakupa moja.
Njano.
Ukageukia dirisha. Nje kulikuwa giza,
hakukuwa na cha kutazama.

Kuna kipande ndani ya ubongo, ulinieleza baadaye
(ukurasa huu nimeukunja pembe),
kimepinda kama farasi wa baharini,
kimoja kila upande, hakizidi kidole cha mtoto.
Hicho ndicho karani wa siku zetu.
Mionzi yetu ilimpitia kama lori juu ya kitalu cha miche.
Ulisema *yetu*. Hukusema ya mashine.

Basi ukaanza na panya.
Miaka kumi na moja ya panya, chumba kisicho na dirisha,
panya wakiogelea katika maji meupe kama maziwa
wakitafuta kijiwe walichokanyaga jana.
Kisha penseli, kisha kompyuta:
kuupunguza mwali, kuugawa vijiti mia,
kila kijiti dhaifu, vyote vikutane penye uvimbe
na karani abaki mezani pake na kalamu yake.
Wenzako wakasema: la muhimu mgonjwa aishi.
Ukawauliza: aishi, halafu?
Ruzuku walikunyima mara nne.
Mumeo alihamia Bergen. Hilo nililisikia kwenye korido,
halinihusu, lakini mimi huandika kila kitu.

Na wengine walikufa, hata kwa mahesabu mazuri.
Unazo nyuso zao kabatini, za plasta, za plastiki,
zimepangwa kama vyombo vya wageni.
Wasafishaji hawalifungui kabati lile.

Leo kuna msichana hapa, Synne, miaka kumi,
ulimtibu kabla ya mwaka jana kwisha.
Ana upara wa duara juu ya sikio na anaringia keki ya pili.
Sikukuomba ruhusa. Nilifungua daftari nikamsomea:
kijiko, theluji, shangazi, kufuli, njano.
Tukazungumza habari za mbwa. Anaye mmoja, anakoroma.
Kisha nikamuuliza.
Akayataja yote, mdomo umejaa krimu,
halafu akayarudia kinyumenyume, kwa utundu tu,
akaniuliza kwani mimi ni mwalimu.

Ulikuwa umesimama karibu na birika la kahawa.
Nilikuona umeacha kumimina.

Nimeandika: *Synne. Matano. Na kinyumenyume.*
Jioni nitakuwa nimeshasahau.
Kesho, saa ya chai, nitafungua hapa
nifurahi upya, kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi,
na keshokutwa tena.
Hiyo ni faida ambayo hukuipangia, Daktari.
Ipokee hivyo hivyo.